Kuingia si kufaa: risasi za bastola ya marehemu baba mkwe

Baba mkwe alipofariki alituachia vitu vitatu: deni dogo la benki, gari bovu nyuma ya nyumba, na rivolva, yaani bastola ya silinda, ya kijeshi ya zamani aliyoiviringisha ndani ya soksi. Deni tukalilipa, gari likaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Rivolva ndiyo iliyotusumbua.

Tunaishi nje kidogo ya San Antonio, Texas. Mimi mtu wa Tanga, kazi yangu kuendesha malori. Mke wangu kazaliwa hukuhuku. Alitaka jambo moja tu: siku ya kumbukumbu ya baba yake twende uwanja wa shabaha, aipige ile bastola kwa mkono wake, maana ndiyo aliyofundishiwa utotoni. Nikaona ni jambo jepesi. Bastola ipo, uwanja upo, tutanunua risasi tupige turudi nyumbani kula. Sikujua kwamba risasi ndiyo ingekuwa shughuli yenyewe.

Kabla sijaendelea, neno kwa wenzangu mliokuja Marekani kwa viza ya masomo, ya kazi ya muda au ya matembezi. Sheria ya shirikisho, kwa ujumla, haikuruhusu kuwa na bunduki wala risasi, hata risasi moja mfukoni. Kuna misamaha michache, kama ile ya mwenye leseni ya uwindaji, lakini usiitegemee kwa maneno ya rafiki. Muulize wakili wa uhamiaji. Mimi nilikuwa na grini kadi, na mke wangu ni raia. Hata hivyo nilisoma kwanza ndipo nikagusa. Nawajua waliochukulia jambo hili kama utani, na uhamiaji haukucheka nao.

Pamoja na bastola kulikuwa na kopo la biskuti. Mswahili yeyote akiona kopo la biskuti nyumbani kwa mtu mzima anategemea kukuta uzi, sindano na vifungo vya shati. Hili lilijaa risasi. Nyingine zimeng'aa, nyingine zimeota kutu ya kijani, ndefu na fupi zimechanganyika ovyo. Nilizimwaga juu ya gazeti nikaanza kusoma maandishi ya kwenye kitako, kwa sababu risasi nyingi za kiraia huandikwa pale, kuzunguka kile kiwashio kidogo cha katikati. Zilikuwapo zilizoandikwa 38 SPL, yaani Special. Zilikuwapo 38 S&W. Zilikuwapo mbili tatu za 357 MAG, yaani Magnum, na moja fupi nene iliyoandikwa 380 AUTO. Na zilikuwapo ambazo maganda yake, ile shaba inayobeba baruti, yalionekana yameshatumika mara nyingi, yaani mtu alizijaza upya nyumbani: baruti kapima nani, kiasi gani, hakuna ajuaye.

Hizo zote tuliziweka kando tangu siku ya kwanza, na nakushauri ufanye hivyohivyo. Risasi ambayo hujui ilikotoka haipigwi. Haijalishi inang'aa kiasi gani. Risasi iliyojazwa nyumbani ilitengenezwa kwa ajili ya bastola fulani na mtu fulani, na mtu huyo kwetu sisi alikuwa ameshazikwa.

Basi nikaenda dukani. Kijana wa kaunta nikamweleza: rivolva ya zamani ya Smith & Wesson, kwa kifupi S&W, thelathini na nane. Hakuniuliza swali hata moja. Akageuka nyuma, akashusha boksi la 38 Special, akaliweka mbele yangu. Nikamwuliza kama kuna thelathini na nane za aina nyingine. Akasema zote ni zilezile, jina tu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tuliyekuwa naye, akamuunga mkono: baba kapiga Special humo miaka yote, mbona hakufa kwa bastola, kafa kwa moyo. Wakacheka. Nikawaambia nitarudi kesho. Shemeji akanitania njia nzima kwamba watu wa Afrika tunaogopa bastola. Nilinyamaza, lakini moyoni lilinichoma. Ni vigumu kuwa mgeni katika nyumba ya watu, tena juu ya kitu cha marehemu wao, halafu wewe ndiye wa kusema "subirini."

Usiku ule nikampigia mzee mmoja wa Mombasa anayeishi Houston na wanawe. Zamani alikuwa fundi wa silaha katika jeshi la Kenya, na ni mtu asiyependa maneno mengi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nambie."

Nikaanza kumsomea boksi nililolipiga picha dukani. Akanikatiza palepale.

"Usinisomee boksi. Boksi ni la dukani. Nisomee mtutu."

Nikachukua bastola. Nikaisukuma nje silinda, ile ngoma inayozunguka na kubeba risasi, nikaangalia matundu yote sita, nikatia ncha ya kidole katika kila moja, kwa sababu macho ya usiku hudanganya. Ni tupu. Nikaleta tochi. Upande wa mtutu, chini ya ile rangi ya kijivu iliyochujuka, palisomeka: 38 S&W CTG. CTG ni kifupi cha cartridge, risasi. Hapakuwa na neno Special.

"Aa," akasema mzee. "Basi hiyo si hiyo."

Akanifafanulia, na baadaye nilithibitisha kila alichosema. Risasi ya .38 S&W ni ya tangu miaka ya 1870. Ile ya .38 Special ilikuja mwishoni mwa karne hiyohiyo, kutoka kampuni ileile, na zimeachana. Ganda la S&W ni fupi, kama milimita 19.7, lakini nene: karibu milimita 9.8 kwenye shina, pale nyuma. Ganda la Special ni refu, milimita 29.3, lakini jembamba zaidi, kama milimita 9.6. Hata kile kichwa cha risasi kinachoruka hakilingani: cha S&W ni inchi 0.361, cha Special ni 0.357 au 0.358. Ukisikia mtu anasema "thelathini na nane ni thelathini na nane", jua hajawahi kuzilaza mbili hizo mezani akaziangalia. Na ukitaka kuchanganyikiwa zaidi, Waingereza walitumia jeshini risasi iliyotokana na hiyo .38 S&W, wakaiita .380, jina ambalo leo dukani Marekani ni la risasi nyingine kabisa, ile fupi ya bastola ndogo za magazini. Ile moja ya 380 AUTO katika kopo la biskuti nadhani iliingia kwa njia hiyo: mtu alisoma namba, akanunua namba.

Mzee akaniuliza kama kuna mihuri mingine. Ilikuwapo, midogo sana. Juu ya fremu: UNITED STATES PROPERTY. Namba yake ilianza na herufi V. Na kando ya mtutu, mihuri ya ukaguzi ya Birmingham, yenye .38, .767, na 3½ TONS. Hapo akachangamka. Bastola hii, akasema, ni Victory, zilizotengenezwa na Smith & Wesson wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na zaidi ya laki tano zilipelekwa kwa Uingereza na majeshi yake. Ile .767 ni urefu wa ganda kwa inchi, yaani mkaguzi wa Birmingham aliandika kwa chuma risasi aliyoikubali, na tani tatu na nusu ni shinikizo alilolikubali. Babu yangu mzaa mama alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alipelekwa Burma. Nilipata hisia ya ajabu kidogo, kukaa jikoni Texas nimeshika ndugu wa bastola ambazo huenda maafisa wake Wazungu walizibeba kiunoni.

"Sasa nimekuelewa, mzee. Ninunue S&W, nisinunue Special."

"Bado. Umesema baba mkwe wako alikuwa akitia Special humo?"

"Ndivyo anavyosema shemeji."

"Zikiingia zote hadi mwisho?"

"Naona zikiingia."

"Basi mtu keshaitoboa hiyo. Mpelekee fundi kabla hujanunua chochote."

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka mlishike. Katika silinda ya S&W ambayo haijaguswa, risasi ya Special kwa kawaida haizami yote, kwa sababu ni ndefu na tundu lina bega mbele, yaani ukingo unaoizuia. Inagoma, na mgomo huo ni ulinzi wako. Lakini baada ya vita bastola hizi ziliuzwa Marekani kwa bei ya chini, na wateja walitaka zipige Special kwa kuwa ndiyo iliyojaa madukani. Kwa hiyo nyingi zilichimbwa matundu yake yakarefushwa. Baadhi zilikatwa na mtutu pia. Maandishi hayakubadilishwa. Mtutu bado unasema S&W, tundu linakubali Special, na mwenye bastola anajiambia: imeingia, basi ni yake.

Fundi tuliyempata ana karakana ndogo pembeni ya mji. Kusubiri zamu kulichukua wiki kadhaa, na ukaguzi ulitugharimu karibu dola 80. Shemeji alilalamikia bei hiyo kwa sauti. Nilimwambia nitalipa mimi, na nililipa, na nilitaka aje aone. Akaja.

Fundi alipima matundu kwa kalipa bila kusema kitu. Nyuma, pale shina la risasi linapokaa, tundu lilikuwa pana, kipimo cha S&W kama lilivyotoka kiwandani. Mbele lilikuwa limechimbwa jembamba kwa ajili ya Special. Maana yake Special ikikaa humo inacheza upande wa nyuma. Ukifyatua, shaba ya ganda inatanuka kuziba nafasi ile, inavimba kama mimba, na mara nyingine inapasuka, gesi ya moto ikatafuta njia kuelekea kwa mshikaji. Akatuomba maganda ya zamani kama tunayo. Shemeji akakumbuka kwamba baba yake alikuwa akiyaweka kwenye mkebe gereji. Tukamletea siku iliyofuata. Yalikuwa yamevimba yote, na moja lilikuwa na ufa mrefu kama ukucha. Shemeji alilishika akaligeuza, akalirudisha mezani polepole. Hakunitania tena.

Kisha fundi akafanya jambo lililonitoa jasho. Akachukua risasi ya bandia ya .357 Magnum, isiyo na baruti, akaidondosha katika tundu moja. Ikazama yote. Akafunga silinda, ikafunga.

Naomba niwape namba, mtaona kwa nini nilitoka jasho. Chama cha watengenezaji wa silaha na risasi cha Marekani, SAAMI, kimeweka kikomo cha shinikizo kwa kila risasi. .38 S&W ni pauni 14,500 kwa inchi ya mraba. .38 Special ni 17,000, na ile iliyoandikwa +P, yaani yenye shinikizo zaidi, ni 20,000. .357 Magnum ni 35,000. Mimi tairi la lori najaza pauni 100 hivi, na nimewahi kuona linavyopasuka na kuvunja bati la banda. Magnum iliundwa mwaka 1935 kutokana na Special, na ganda lake lilirefushwa milimita tatu na ushee kusudi lisiingie katika bastola za Special. Aliyechimba silinda yetu alichimba moja kwa moja bila kuacha bega, akaufuta ulinzi huo wote. Na risasi za 357 MAG zilikuwamo katika kopo la biskuti, karibu na bastola, ndani ya nyumba ambayo kila mtu aliamini kwamba kinachoingia kinapigwa.

Kumbuka pia kwamba upande wa pili ni halali: bastola iliyoandikwa .357 Magnum inapiga .38 Special bila matatizo. Njia ni ya upande mmoja. Watu huisikia nusu ya habari hii wakaigeuza.

Ushauri wa fundi ulikuwa mfupi. Bastola yenyewe ni nzima, silinda inajipanga sawasawa na mtutu, haina ufa. Special isitiwe tena. Tukitaka kuipiga, iwe .38 S&W mpya ya kiwandani yenye kichwa cha risasi laini, kwa kuwa nyuma ya tundu bado ni kipimo chake na ndiyo iliyoandikwa kwenye mtutu. Au tuitunze kama kumbukumbu. Kuiandikia hukumu hiyo bila kuishika mkononi, akasema, asingethubutu, na mimi pia siwaambii kwamba Victory yenu ni kama yetu. Pelekeni.

Boksi la .38 S&W halikuwepo duka la kwanza wala la pili. Tulilipata kwa karibu dola 60, risasi 50, wakati Special ingekuwa nusu yake. Kwa sababu hiyo tu naelewa kwa nini zamani watu walizichimba.

Siku ya uwanjani nilijifunza jambo lingine ambalo halikuhusu bastola yetu. Kwenye nafasi ya kupigia iliyo jirani alikuwapo kijana anapiga bastola ya magazini kwa risasi alizojaza mwenyewe. Katikati ya milio mikali ukasikika mlio mmoja hafifu, *pu*, kama mtu kakohoa. Yeye alikuwa anavuta komeo aendelee. Msimamizi alipiga kelele "simama!" kwa sauti ambayo sijaisahau. Wakafungua: baruti haikutosha, kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama katikati ya mtutu. Angepiga nyingine nyuma yake, mtutu ungevimba au kupasuka mkononi. Kwa hiyo mlio ukipungua, au mkono ukihisi msukumo mdogo kuliko kawaida, acha. Elekeza mbele, toa risasi, tazama ndani ya mtutu kwa kutokea nyuma ukiwa na hakika ni tupu. Na ukifyatua pasilie kitu, usifungue upesi. Shikilia bastola ielekee shabaha, subiri kama nusu dakika, maana risasi nyingine huchelewa kuwaka.

Mke wangu alipiga silinda moja, akapumzika, akapiga ya pili. Maganda yalitoka yamenyooka. Alilia kidogo na akacheka kidogo, halafu akampa kaka yake zamu.

Baada ya hapo nilinunua bastola yangu mwenyewe, 9mm, nikidhani sasa nimetoka kwenye msitu wa majina. Sikutoka. 9mm Luger, 9mm Parabellum na 9x19 ni kitu kimoja. 9mm Makarov ni 9x18 na ni nyingine, hata kichwa chake ni kipana zaidi. 9mm Kurz, Corto au Short ni ileile .380 AUTO ya kopo la biskuti. Na kwenye boksi la 9mm Luger unaweza kukuta +P, yenye shinikizo zaidi kuliko ya kawaida, 38,500 badala ya 35,000. Kama kitabu cha bastola yako hakisemi inaruhusiwa, usitie. Iliyoandikwa +P+ haina kikomo cha SAAMI kabisa, kila kiwanda na lake. Rafiki yangu mmoja ana bastola ya .40 na mkewe ana ya 9mm. Risasi ya 9mm inaweza kukamatwa ndani ya ile ya .40 na hata kulia, ganda likapasuka. Niliwashauri wasiweke maboksi mawili wazi juu ya meza moja. Wanakwenda uwanjani na mifuko miwili tofauti, na kila mmoja anajaza magazini yake mwenyewe.

Risasi zangu hukaa katika boksi zilizokuja nazo. Ukizimimina kwenye kopo umetupa nusu ya habari zake, maana aina na uzito wa kichwa cha risasi na ile alama ya +P husomeka vizuri zaidi kwenye boksi. Zikae pakavu, mbali na mafuta ya kusafishia, yanayoweza kupenya hadi kwenye kiwashio.

Zile za baba mkwe hatukuzitupa kwenye takataka, wala hakuna aliyezipasua kutoa baruti, ingawa shemeji alipendekeza. Tulipiga namba ya polisi isiyo ya dharura tukauliza wanazipokea wapi, tukaelekezwa, tukazipeleka kopo na vyote. Rivolva ipo kwenye kasha la chuma, tupu, na kwenye kikinga kifyatulio nimefunga lebo ya mizigo kwa waya, imeandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili: matundu yamechimbwa, .38 S&W tu, usiamini kinachoingia. Namba ya simu ya fundi iko nyuma yake.

La mwisho ni la safari. Mkoba ninaobebea risasi kwenda uwanjani sisafiri nao, si Tanga wala Houston. Risasi moja hujificha katika mshono wa mkoba, na ukikutwa nayo uwanja wa ndege wa Dar es Salaam au Nairobi hakuna atakayetaka kusikia habari za baba mkwe. Wiki moja kabla ya kuondoka nageuza kila mfuko wa begi nje ndani, nakung'uta kwenye zulia, na mke wangu anarudia baada yangu.